KWA NINI TUNAKIMBILIA KAZUALTI HATA KWA KIKOHOZI?



Katika mikutano ya vikundi huku Murera kuna lalamiko moja ambalo halikosekani. Mtu anasimama na kusema kwamba alienda kazualti, yaani ile idara ya dharura ya hospitali kubwa, akakaa kwenye benchi kutoka asubuhi mpaka jua likatua, na watu waliokuja nyuma yake wakaitwa mbele yake. Ukimwuliza alikuwa akiugua nini, anajibu kuwa ni kikohozi cha wiki mbili, au dawa za presha zilikuwa zimeisha, au mtoto alikuwa na upele. Hapo mwingine anaruka: "Na si kuna zahanati? Shida ya watu wetu ni ujinga. Wanapenda majina makubwa."

Jibu hilo la ujinga nimelisikia mara nyingi, hata kutoka kwa watu waliosoma, na mimi sikubaliani nalo. Mtu anayeishi kwa kibarua hapotezi siku nzima bure. Ameshapiga hesabu. Inawezekana hesabu yake ina kasoro mahali, lakini ni hesabu, na kabla hatujamlaumu yafaa tuikague pamoja naye kama vile mweka hazina anavyokagua kitabu cha kikundi.

NGAZI SITA KWENYE KARATASI

Kwanza tuelewane juu ya mpango wenyewe. Huduma za afya nchini Kenya zimepangwa kwa ngazi sita. Ngazi ya kwanza ni huku kijijini, manyumbani, ambako mhudumu wa afya ya jamii hupita. Ya pili ni zahanati, au dispensari kama tulivyozoea kusema. Ya tatu ni kituo cha afya. Halafu zinakuja hospitali: kwetu huku ngazi ya nne ni kama ile ya Ruiru, ya tano ni Thika, na ya sita ni hospitali za rufaa za taifa kama Kenyatta kule Nairobi na ile ya Chuo Kikuu cha Kenyatta iliyofunguliwa mwaka wa 2019 upande wa Kahawa. Mgonjwa anatakiwa aanzie chini, na ikiwa ugonjwa umewashinda wa chini, apewe barua ya rufaa apande juu.

Ni mpango mzuri. Lakini serikali inahesabu ngazi na sisi tunahesabu nauli na wakati. Tangu barabara ya Thika ipanuliwe na kazi kumalizika mwaka wa 2012, mtu wa Murera akifika stegi anapata matatu ya Ruiru au ya Thika bila kungoja sana. Kwa watu wengi hospitali kubwa iliacha kuwa mbali. Kule ndani ndani nchini, kama Turkana au Tana River, mgonjwa anarudi zahanati kwa sababu hana njia nyingine. Sisi tunayo njia nyingine, na ndiyo maana tunachagua.

Jambo lingine ni wingi wetu. Katika hesabu ya watu ya 2009 mji wa Ruiru ulikuwa na watu 238,858. Ilipofika hesabu ya 2019 walikuwa 490,120. Yaani kwa miaka kumi tu watu wameongezeka zaidi ya maradufu. Mashamba ya kahawa yamekatwa maploti, na kwenye kila ploti kuna nyumba za kupanga. Zahanati hazikuongezeka maradufu, wala wauguzi. Kwa hivyo ukifika zahanati saa mbili asubuhi na kukuta laini imefika getini, usidhani muuguzi amelala.

HESABU YA MAMA WA KIBARUA

Sasa tuchukue mfano. Mama anafanya kibarua, iwe ni kuchuma kahawa, kufua nguo za watu au kubeba mawe kwenye mjengo. Asipoenda hakuna malipo. Tuseme siku moja ni shilingi 500. Ana maumivu ya tumbo yanayomrudia.

Siku ya Jumatatu anaenda zahanati. Anapanga laini, anaonwa saa sita, siku ya kazi imekwisha. Anaambiwa apimwe damu na mkojo, lakini kifaa cha kupimia hakipo au mtu wa maabara yuko likizo. Anaandikiwa karatasi aende Ruiru. Jumanne anaenda Ruiru kwa nauli, anapimwa, anaambiwa arudishe majibu kule alikotoka. Jumatano yuko zahanati tena na majibu mkononi. Anaandikiwa dawa, moja ipo na moja haipo, hiyo ya pili akanunue kwenye kemisti. Siku tatu zimekwenda, shilingi 1,500 ya kibarua, na bado hatujaweka nauli wala kemisti. Na kumbuka kwamba zahanati haikumtoza kitu!

Mama huyo huyo akienda moja kwa moja hospitali kubwa, atakaa kutwa nzima, ndiyo, na pengine atalipa kadi na vipimo. Lakini daktari, maabara, eksirei na dirisha la dawa vyote viko ndani ya ua mmoja. Jioni anarudi nyumbani amemaliza. Amepoteza siku moja badala ya tatu. Kwa mtu wa mshahara wa mwezi tofauti hiyo si kitu, kwa sababu mshahara wake unaingia hata akiwa kwenye laini. Kwa mtu wa kibarua ndiyo unga wa watoto.

Huduma ya bure inaweza kuwa ghali kuliko ile ya kulipia. Viongozi wengi wanaohutubu juu ya huduma za bure hawajawahi kuikaa hiyo laini, na ndiyo maana wanashangaa.

Wala si sisi peke yetu. Huko Marekani, katika mji wa Philadelphia, watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania waliwahoji wagonjwa 40 wa hali ya chini kwa nini wanapenda kwenda hospitali badala ya kliniki za mtaani. Ripoti ilichapishwa mwaka wa 2013. Wagonjwa walisema hospitali inawatokea rahisi kwa gharama, haina usumbufu wa kwenda na kurudi, na wanaamini tiba yake ni bora. Ukibadilisha jina la mji, ungedhani ni mkutano wa kikundi cha hapa Murera.

MLANGO ULIOFUNGWA

Halafu kuna suala la saa. Zahanati nyingi zinafunguliwa saa mbili asubuhi na kufungwa saa kumi au saa kumi na moja jioni, Jumatatu hadi Ijumaa. Sasa jiulize: watu wetu wanaofanya kazi kwenye viwanda vya Thika au wanaoteremka matatu kutoka Nairobi wanafika nyumbani saa ngapi? Saa moja, saa mbili za usiku. Mtoto naye, kama kila mama anavyojua, joto humpanda usiku. Wakati huo taa iliyo wazi ni mbili tu: ya kemisti na ya kazualti. Wanaoenda kemisti ndio wengi kuliko wote, wananunua vidonge vinne vya dawa ya kuua vijidudu bila kupimwa, wanavinywa siku mbili na kuacha. Hiyo ni habari ya siku nyingine, lakini nayo inatujazia kazualti baadaye, maana ugonjwa ulioguswa nusu hurudi na hasira.

Milango inafungwa pia kwa migomo. Mwaka wa 2017 madaktari walimaliza mgomo wa siku 100 mwezi wa Machi, na Juni wauguzi wakaanza wa kwao uliokwenda mpaka Novemba. Mwaka wa 2024 madaktari waligoma tena kuanzia Machi mpaka Mei. Na hapa kwetu Kiambu, mgomo wa madaktari wa kaunti ulioanza Mei 2025 ulikaa karibu miezi mitano. Sisemi hapa nani alikuwa na haki. Mfanyakazi asiyelipwa ana haki ya kulia. Ninachosema ni kwamba mtu akifika mlangoni mara mbili akakuta kufuli, mara ya tatu haji. Anaenda hospitali za misheni kama Kalimoni huko Juja au St. Mulumba hapo Thika akiwa na pesa, na akiwa hana anangoja nyumbani mpaka ageuke kuwa mgonjwa wa dharura kwelikweli.

Kumbukumbu ya pesa nayo haitoki haraka. Wazee wetu wanakumbuka kwamba tangu 1965 matibabu katika zahanati za serikali yalikuwa bure. Kisha mwezi wa Desemba 1989 ukaja ule mpango wa kuchangia gharama. Matokeo yalionekana mara moja. Katika kliniki moja ya serikali ya Nairobi iliyotibu magonjwa ya zinaa, wanaume waliokuja walipungua kwa zaidi ya nusu wakati ada ilipotozwa. Mwaka wa 1990 ada ya kuonwa ikasimamishwa, na kuanzia 1992 malipo yakarudishwa polepole. Mwaka wa 2004 yakapunguzwa kuwa shilingi 10 kwa zahanati na 20 kwa kituo cha afya, na Juni 2013 yakafutwa kabisa katika hizo ngazi mbili. Mara bure, mara pesa, mara bure. Mpaka leo nakutana na akina mama wasiojua kama zahanati inalipisha au hailipishi. Mtu asiyejua hubaki nyumbani na kusema "tutaona kesho".

Sababu nyingine haisemwi mkutanoni, inasemwa pembeni. Ni aibu. Anayepima damu pale zahanati ni jirani, au ni mke wa mwenzetu wa jumuiya ndogo ndogo. Mtu anayeshuku ana virusi, au msichana anayeshuku ana mimba, anaona heri apande matatu aende mahali asipojulikana. Hiyo pia ni hesabu, na ni ya watu wengi kuliko tunavyokubali.

"HAWAWEZI KUNIFUKUZA"

Watu wanajua vilevile kwamba kazualti haiwezi kumfukuza mtu. Ni kweli. Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inasema mtu asinyimwe matibabu ya dharura. Sheria ya Afya ya 2017 ikaongeza kwamba hospitali, ya serikali au ya binafsi, lazima imhudumie mtu wa dharura mpaka hali yake itulie, na kumpangia rufaa kama haiwezi kuendelea naye. Wamarekani waliweka sheria ya namna hiyo mwaka wa 1986, na kwao pia kazualti ikawa kimbilio la mtu asiye na bima.

Lakini haki hii isomwe vizuri. Inahusu dharura, yaani hatari ya kifo au ya kulemaa. Haisemi kwamba kila tiba ndani ya jengo hilo ni bure, wala kwamba bili haitakuja. Na sheria peke yake haitengenezi kitanda. Mnamo Oktoba 2015 nchi nzima ilisikia habari ya mtu aliyegongwa na gari akakaa saa 18 ndani ya ambulansi akitafutiwa kitanda cha wagonjwa mahututi, mwisho akafa. Katiba ilikuwa tayari na miaka mitano.

LILE KAZUALTI HAIWEZI KUFANYA

Sasa tufike mahali ambapo hesabu ya mama wa kibarua ina kasoro. Amehesabu wiki hii. Hajahesabu mwaka.

Kwanza, kwenye kazualti hakuna laini ya nani alifika mapema. Muuguzi wa mlangoni anaangalia hatari. Mwenye kupumua kwa shida, mwenye kutokwa damu, mtoto anayetetemeka kwa degedege, hao wanapita hata kama wamefika sasa hivi. Wewe wa kikohozi unarudishwa nyuma kila gari la ambulansi linapoingia. Hakuna anayekudharau, ndivyo kazi ilivyopangwa. Na upande wa pili, benchi likijaa watu wa kikohozi, muuguzi mmoja anapaswa kuwachambua watu mia ili ampate yule mmoja anayekufa kimya kimya kwenye kona. Huyo wa kwenye kona anaweza kuwa mama yako.

La pili ndilo kubwa zaidi. Kazualti inatibu kilichokuleta leo. Haikufahamu, na kesho haitakukumbuka. Kwa jeraha hiyo inatosha. Kwa presha, sukari, pumu na kifua kikuu haitoshi hata kidogo.

Chukua presha. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka wa 2015 ulionyesha kwamba karibu mtu mzima 1 kati ya 4 nchini Kenya ana presha ya juu, na kwamba zaidi ya nusu ya watu wazima hawakuwa wamewahi kupimwa hata mara moja. Presha haiumi. Mtu anachimba shimo la choo, anacheza ngoma arusini, kumbe mishipa inachakaa ndani. Siku kichwa kinapomgonga sana anapelekwa kazualti, anapewa dawa ya kuishusha, anaambiwa aende kliniki. Akijisikia nafuu haendi. Miezi mitatu baadaye anarudi vivyo hivyo. Kila safari anaonwa na daktari mwingine, na kila daktari anaanza upya kwa sababu ile karatasi ya kwanza ilifungiwa sukari. Mwisho anapatwa na kiharusi, mkono na mguu upande mmoja unakufa, na sisi wa kikundi tunaitwa kwa harambee ya bili.

Hapo ndipo naomba kila mweka hazina afungue kitabu chake. Ni pesa ngapi za kikundi zilizotoka miaka miwili iliyopita kwa bili za hospitali na kwa mazishi? Ni ngapi kati ya hizo zilikuwa za presha na sukari? Nimeona vikundi ambavyo vilianza kwa nia ya kununua ng'ombe wa maziwa na matangi ya maji, na sasa vimekuwa vyama vya matanga. Vidonge vya presha vya kawaida ni vya bei nafuu, na mtu anaweza kuvipata zahanati vikiwapo. Kitanda cha mgonjwa wa kiharusi kinakula ng'ombe mzima.

Na kile kikohozi cha wiki mbili nilichokitaja mwanzoni: hicho si kikohozi cha kuchezea. Ukikohoa wiki mbili au zaidi, unatakiwa kupimwa makohozi kwa sababu inaweza kuwa kifua kikuu. Kipimo na dawa ni bure katika vituo vya serikali. Dawa zinamezwa miezi sita bila kuruka, kwa hivyo unahitaji mahali pa karibu panapokujua kwa jina na ambapo mtu atakutafuta usipofika. Ndiyo kazi ya zahanati. Kazualti hata ikitaka haiwezi.

KIKUNDI KINAWEZA KUBADILISHA NINI?

Hatuwezi kumwambia mtu "acha kwenda hospitali kubwa" na kumwachia hesabu ile ile mbovu. Lazima tumbadilishie hesabu. Mengine ni kazi ya kaunti na tusiwaondolee mzigo wao. Lakini mengine yako mikononi mwetu.

Wahudumu wa afya ya jamii zaidi ya 100,000 walizinduliwa nchini Septemba 2023, na wakapewa mikoba yenye kipima presha, kipima sukari, kipimajoto na utepe wa kupima mkono wa mtoto. Mhudumu wa kijiji chenu yuko. Je, kikundi kimewahi kumwalika? Akija kwenye mkutano wa mwezi dakika arobaini tu, wanachama wote wamepimwa presha bila mtu kukosa kibarua. Aliye na presha ya juu anaandikwa kwenye daftari lake mwenyewe, anaelekezwa zahanati. Mwezi ujao anapimwa tena. Hii ndiyo kliniki ya bei rahisi kuliko zote, na iko kwenye mkutano ambao tunaufanya hata hivyo. Asiyetaka wenzake wajue, apimwe kando. Tusimlazimishe mtu mbele ya watu.

Daftari nalo ni la lazima. Nunua la kurasa 96, andika jina lako, na kila mahali unapotibiwa liende na wewe: tarehe, ugonjwa, dawa, kipimo. Usitumie moja la zahanati na jingine la kazualti. Daktari wa usiku akilifungua ataona ya mwaka mzima, hatakupa dawa inayogombana na ile unayotumia.

Habari za SHA zimechanganya watu, kwa hivyo nitaeleza polepole. Mamlaka hii ilichukua mahali pa NHIF tangu tarehe 1 Oktoba 2024. Kujiandikisha ni bure, kwa simu ukipiga *147# na kitambulisho ukiwa nacho. Ukishajiandikisha, matibabu ya kawaida katika zahanati na vituo vya afya vilivyo na mkataba na SHA yanalipwa na mfuko wa serikali, hata kama hujalipa mchango wowote. Watu wengi hawalijui hilo. Wanadhani bila kulipa hakuna chochote. Mchango ni kwa ajili ya hospitali, unapolazwa au kupasuliwa. Wa mshahara anakatwa asilimia 2.75. Asiye na mshahara anapimwa uwezo wa nyumba yake kwa maswali, na kiwango cha chini kabisa ni shilingi 300 kwa mwezi. Ugumu uko hapa: anatakiwa alipe ya mwaka mzima kwa mara moja, yaani shilingi 3,600 kwa aliye kiwango cha chini. Mama wa kibarua atazipata wapi kwa siku moja?

Hapa kikundi kina nguvu kuliko mtu mmoja. Tuseme mna wanachama 20, na kila mmoja anaweka shilingi 100 kwa wiki kando ya mzunguko wa kawaida. Ni 2,000 kwa wiki. Kwa wiki 36, hata miezi tisa haijaisha, mmefikisha 72,000, na nyumba zote 20 za kiwango cha chini zimelipiwa mwaka. Mnaweza kuwalipia wawili wawili mkianza na wenye wagonjwa na wenye wajawazito. Kuna wanaoogopa, kwa sababu wamesikia hospitali fulani iligeuza watu ikisema haijalipwa na SHA. Woga huo una msingi wake. Ndiyo maana kabla ya kulipa, mtumeni katibu aulize hospitali mnazotumia kama mkataba wao unafanya kazi sasa. Na zile pesa zikae benki au kwenye akaunti yenye sahihi za watu watatu, si kwenye simu ya mwenyekiti.

Lipo na suala la kamati. Kila zahanati inatakiwa kuwa na kamati yenye watu wa kijiji ndani. Sheria ya mwaka 2023 juu ya fedha za vituo vya afya inasema pesa ambazo kituo kinakusanya zibaki kituoni, zisipelekwe makao ya kaunti. Basi kuna mambo ya kuuliza: dawa zilifika lini, zilikuwa ngapi, zimeisha lini? Je, muuguzi anaweza kutenga alasiri moja kwa wiki kwa wagonjwa wa presha na sukari peke yao, wasipange laini ya asubuhi? Je, zahanati inaweza kufunguliwa Jumamosi asubuhi, hata kama ni mara mbili kwa mwezi? Maswali haya yakiulizwa na mtu mmoja yanaitwa kelele. Yakiulizwa na vikundi vitano kwa barua yenye muhuri, yanajibiwa. Lakini msiende kumpigia muuguzi makelele. Mara nyingi yeye ndiye anayefungua, anayepima na anayefagia.

WAKATI WA KUKIMBIA

Yote niliyosema yasimfanye mtu angoje zahanati ifunguliwe wakati kifo kiko mlangoni. Kuna dalili ambazo ukiziona hupiti zahanati, unakwenda hospitali saa hiyo hiyo, usiku au mchana. Mtoto ambaye hawezi kunyonya wala kunywa, anayetapika kila kitu, aliye na degedege, au aliyelegea haamki vizuri. Mtu yeyote anayepumua kwa shida. Mama mjamzito anayetokwa na damu, au anayeumwa kichwa sana huku macho yakiona ukungu. Mtu mzima ambaye ghafla mdomo umepinda upande, mkono haunyanyuki, au maneno yanatoka yamechanganyika. Huyo ana kiharusi na kila saa inayopita inamla. Maumivu mazito ya kifua. Kuumwa na nyoka, kumeza sumu, kuungua sehemu kubwa.

Kwa ajili ya hizo, kikundi kiwe na namba za watu wawili wenye gari au bodaboda wanaoaminika usiku, na pesa kidogo za mafuta zinazokaa tayari kwa mweka hazina bila kungoja kikao. Chukueni lile daftari na kitambulisho. Na mkifika kazualti, msianze na jina wala kijiji: semeni ile dalili kwanza, "hawezi kupumua", "hanyonyi", "mdomo umepinda", ili muuguzi wa mlangoni ajue hapo hapo mgonjwa wenu anasimama wapi kwenye laini.